Sange Ndani ya Chungu cha Nyegere

— Ngano inataka kutoka!
— Itoke!
— Inatokea wapi?
— Mekoni!
— Na masizi yake?
— Apakwe asiyeitika!

Vizuri. Mize, acha kusinzia, maana ngano hii hunichanganya hata mimi, na nikipotea nataka mtu wa kunirudisha.

Basi. Alikuwepo Sange, kinyama kidogo kama panya, pua ndefu isiyotulia. Na alikuwepo Nyegere, mwenye kucha kubwa na tumbo lisilojua kushiba. Siku moja Nyegere akamkamata Sange, kap! Akamtia kwenye chungu cha maji, chubwi! Akafunika mfuniko, tii!

Lakini kwao Nyegere kuna mila. Nyama hailiwi mpaka wageni waitwe, na mwenye nyama awasimulie ngano ya nyama yenyewe, tena kwa kuigiza. Ngano ikinoga, mwenyeji anakula. Ngano ikichosha, wageni wanabeba chungu kizima na mwenyeji analamba mwiko.

Wakaja Bibi Kenge na Kunguru, wakakaa karibu na mafiga. Moto ulikuwa bado. Nyegere akakohoa, koh!

"Alikuwepo Sange. Akakamatwa."

"Eee!"

"Akatiwa chunguni."

"Eee!"

"Akafunikwa, akapikwa, akaliwa. Imekwisha."

Bibi Kenge akatoa ulimi, akaurudisha.

"Mjukuu wangu, hiyo ndiyo ngano? Huyo Sange wako ni gunia la viazi? Anakamatwa, anatiwa, anafunikwa! Yeye mwenyewe kafanya nini?"

"Kafanya... kaliwa."

"Kunguru, shika huku tubebe chungu."

Nyegere akaingiwa na hofu, maana alikuwa na njaa kweli. Ndipo ikasikika sauti nyembamba chunguni: "Mjomba, nikusaidie?"

Nyegere akautupa mfuniko kwenye jivu, akachungulia. Sange yumo, maji ya shingo, roho mkononi.

"Mjomba, huyo Sange wa kwenye ngano anataka nini?"

"Anataka kutoka."

"Basi afanye kitu, atoke."

"Afanye nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nyama tu. Ingia humu wewe, uwe Sange, utajua."

Kunguru akainamisha kichwa. "Ngoja kwanza. Nyegere akiwa Sange, Nyegere atakuwa nani?"

"Nitamshikia nafasi mimi," akasema Sange. Alikwisha kutoka, anajikung'uta, pru pru pru.

Nyegere akajikuna. Akawaza. Akaona ni sawa. Akaingia chunguni, chubwiii!

"Haya," akasema Sange, "mimi ni Nyegere. Nyegere anafanya nini?"

"Anafunika!" Nyegere alijibu upesi, kwa maringo, maana ngano ni yake.

Bibi Kenge kanogewa, akausukuma mfuniko kwa mkia, pamoja na jivu lake. Tii!

"Halafu?"

"Anawasha moto!"

Kunguru akapepea kwa mabawa, fuu, fuu, fuu. Moto ukawaka.

"Ikawaje?"

"Maji yanapata moto!"

"Eee!"

"Yanapata moto kweli! Jamani, nitoeni!"

Kunguru akanyanyuka. Sange akamzuia. "Ukimtoa, umeharibu ngano. Sange wa kutolewa na watu? Bibi atachoka."

"Nitachoka," akasema Bibi Kenge.

"Lakini Sange ni wewe!" Nyegere akapiga kelele.

"Mimi ni Nyegere. Nasubiri kula."

"Mimi nimepotea," akasema Kunguru.

Hata mimi, jamani. Mize, chunguni yuko nani? Nyegere? Aliyekuwa nani? Haya, asante, tuendelee.

Wageni wakaimba: "Sange, fanya kitu! Sange, fanya kitu!"

Nyegere akasukuma kwa mgongo, gubu! Mfuniko juu, jivu likammwagikia mgongoni, chungu kikapinduka, puu! Akabiringika kifudifudi kwenye masizi, akatimua mbio. Ndiyo maana mpaka leo Nyegere ana mgongo mweupe na tumbo jeusi.

"Hiyo sasa ndiyo ngano!" Bibi Kenge akashangilia. "Sange kajitoa mwenyewe!" Kisha akatazama huku na huku. "Na nyama iko wapi?"

"Nyama si Sange?" akasema Kunguru. "Na Sange si amekimbia?"

"Na huyu?"

"Mimi ni Nyegere," akasema yule mdogo, "na nimekasirika sana, nyama yangu imetoroka. Naifuata."

Akaondoka zake taratibu, kwa njia nyingine kabisa. Hakuna aliyemzuia. Utamzuiaje mwenye nyama kufuata nyama yake?

Fundisho la ngano hii ni kwamba mtu akitiwa chunguni atulie, asifanye lolote. Mtazameni Sange: hakusukuma, hakupigana, hakukimbia. Kauliza tu. Aliyejitahidi ndiye aliyeungua.

Nini, Mize? Kwa hiyo mwenye ngano ni nani, wa kusukuma au wa kuuliza? Usiniulize mimi! Nimeshaona maswali yanavyowatia watu maji ya moto.

— Ngano nimeifunika!
— Sisi tumeshatoka!