Mgeni Aliyekosea Vineno

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie yule mjuaji wa kwenye grupu lenu. Mnamjua, msijifanye.

Huko Malindi, ambako watalii wa Kiitaliano ni wengi, kampuni moja ilitafuta mtembeza wageni. Nafasi ilikuwa moja tu. Waliobaki kwenye mchujo ni wawili: Kitsao, aliyeongoza darasa zima la Kiitaliano, na Sidi, binti wa darasa hilohilo aliyekwisha kunyimwa kazi hiyo mara mbili. Lakini Sidi hakuwa na wasiwasi. Vile vineno vidogo vya Kiitaliano vinavyowatoa watu jasho, "a", "in", "da", "per", alikuwa amevila akavimaliza. Safari hii, alijiambia, kazi ni yangu, watake wasitake.

Mtihani ulikuwa kumtembeza mgeni kwenye magofu ya kale, kwa Kiitaliano kitupu. Mgeni mwenyewe alikuwa Bi Saumu, mama mtu mzima aliyesema ndiyo kwanza anajifunza lugha hiyo.

Kitsao akaanza. Sidi alifuata nyuma akisikiliza.

"Domani vado a Italia," alisema Bi Saumu, yaani kesho naenda Italia.

"Kosa, mama!" Kitsao akadakia. "'A' ni ya mji. Nchi ni 'in'."

Mama akakosea tena, akakatizwa tena. Walipofika kwenye msikiti wa kale alikuwa kimya, anatazama viatu vyake. Sidi akamwonea huruma kwelikweli.

Zamu ya Sidi ilipofika, Bi Saumu akarudia kosa lilelile. Ulimi ukamwasha Sidi, lakini akatabasamu.

"Ah, va in Italia!" alisema kwa furaha, yaani kumbe unaenda Italia, kisha akamuuliza, kwa Kiitaliano hichohicho, akifika huko atakula nini kwanza.

Bi Saumu akacheka, akajibu, na safari hii akasema "in". Kila alipokosea Sidi akamrudishia hivyohivyo, wakapiga soga mpaka getini.

Baadaye wakaitwa ofisini. Kitsao alishakaa kimeneja, mguu juu ya mguu. Bi Saumu akavua miwani, akamwaga Kiitaliano kama bomba lililopasuka. Lo! Kumbe ndiye aliyemfundisha mwalimu wao wa Kiitaliano, na ndiye mtahini wa kampuni.

"Sidi, mwanangu, kazi ni yako."

Kitsao akaruka. "Lakini mama, niliyosema si kweli?"

"Kweli tupu. Ila ulininyamazisha. Mwenzako naye kanisahihisha njia nzima, na bado nikatamani kuongea."

Kitsao akamgeukia Sidi. "Hayo ulifundishwa wapi?"

"Nyumbani," alisema Sidi. "Nilipokosea maneno mbele ya wageni, mama hakunikaripia hata siku moja. Aliyarudia tu yakiwa yamenyooka, kana kwamba mimi ndiye niliyeyasema hivyo."

Funzo: Kumwonyesha mtu kosa lake ni elimu, kumwachia heshima yake ni utu. Ukibeba la kwanza ukaacha la pili, utajua kila kitu na utaongea peke yako.