Mkono wa Bwana Radi

"Hakunitupia hata jicho la pembeni!" Siwema alikuwa akifoka, kanga imemteleza begani. "Tangu darasa la pili nimebandika picha zake ukutani. Leo kaja kufungua duka hapo sokoni, nimemwita mpaka koo limekauka, kapita kama anapita kwenye kichaka!"

"Ulitaka ashuke garini akupakate?" jirani yake Tabu akamjibu kutoka ng'ambo ya ua. "Yule ni mwigizaji, mwenzangu, si shangazi yako."

"Wewe nyamaza, huna unayempenda!"

"Ninaye, ila najua nilipokaa. Mkaa nyuma ya shuka hamlaumu shujaa."

Siwema akakwama. "Shuka gani tena?"

Tabu naye akakwama. Methali aliirithi kwa mama yake, maana yake hakuwahi kuiuliza. Vijana wengine waliokuwa wamesogea kusikiliza ugomvi wakageuka wote, kama waliokubaliana, kumtazama Bi Chiku, aliyekuwa kibarazani kwake akichambua mchicha. Ua wa Bi Chiku haujawahi kukosa watu, na Bi Chiku mwenyewe hajawahi kukosa habari.

"Mnatupa methali kama maganda ya machungwa," alisema, "wala chungwa lenyewe hamjalionja. Haya, kaeni. Tabu, sogea, unaniziba mwanga. Mkaa nyuma ya shuka hamlaumu shujaa. Methali hii ilianza hivi."

Zamani, mkonge ulipokuwa bado mkonge, gari la sinema lilikuwa likija kwenye kambi moja karibu na Muheza mara moja kwa mwezi. Siku hiyo chakula kilipikwa mapema na kuliwa kwa kusimama. Watu walisimika miti miwili uwanjani, wakatandaza shuka jeupe katikati, na kiza kikianza tu mashine inaunguruma. Mbele ya shuka ilikuwa nafasi ya watu wa kambi: wanyapara kwenye viti, wakata mkonge na wake zao kwenye majamvi. Watoto wa ng'ambo ya reli, ambao baba zao hawakuwa na kazi pale, walifukuzwa kwa fimbo. Wakakimbia, wakazunguka, wakakaa nyuma ya shuka. Na huko waliona vizuri tu, maana shuka lilikuwa jepesi na picha ilipenya.

Huko nyuma ndiko alikokaa Mwantumu binti Shehe, mtoto wa miaka minane, mwenye shoto.

Mwenye shoto siku zile alikuwa na kazi. Bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila wakati wa kula. Mkono wa kulia haukuijua njia ya mdomo. Wali uliishia kidevuni na kifuani. Bibi alipochoka kufua, akamfungua, akampa sahani yake peke yake, pembeni. Nani angekubali mkono wa kushoto uingie kwenye sinia la watu? Mwantumu akakua akila huku akitazama migongo ya wenzake.

Sasa, shujaa wa sinema zile alikuwa mtu mmoja akiitwa Idrisa Kitwana, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bwana Radi. Katika kila picha alikuwa mkata mkonge mnyonge anayeonewa na nyapara, anavumilia, anavumilia, mpaka mwisho anamzaba kofi moja la kumgeuza kichwa. Kofi hilo likilia, uwanja mzima unasimama. Wanyapara tu ndio walibaki kwenye viti, wakijikuna.

Usiku wa kwanza Mwantumu alipoliona kofi hilo, hakupiga kelele. Alibaki mdomo wazi. Bwana Radi alikuwa amepiga kwa mkono wa kushoto. Kisha akaketi na mama yake, wakala ugali, na akala kwa mkono wa kushoto. Na mama yake, tena mama mzuri wa kwenye sinema mwenye hereni, hakumpiga wala hakumtenga!

Watoto wengine waliokaa nyuma hawakuliona hilo. Mwenye kidonda ndiye hutazama miguu ya watu. Lakini Mwantumu alirudi nyumbani mtu mwingine. Bibi aliposema, "Mkono huo una shetani," alijibu, "Basi na Bwana Radi anaye," akapigwa, akalala anacheka.

Miaka ikaenda. Mkonge ukashuka bei, gari la sinema likaacha kuja. Mwantumu akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika yote hayo akawa mpishi wa shughuli asiye na mfano Muheza nzima. Sufuria la kilo hamsini aliligeuza kwa mwiko mrefu kama kasia, kwa mkono uleule. Watu walikula pilau lake wakalamba vidole, lakini yeye mwenyewe walipomkaribisha walimpakulia sahani yake. Sinia moja na wenzake? Hata siku moja.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Nuru, binti wa nyapara. Urafiki wao ulikuwa wa kugombana: asubuhi wanagombana, jioni wanaombana chumvi. Na ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa mmoja.

"Bwana Radi ana shoto kama mimi."

"Hana! Mimi nilikaa mbele, kwenye kiti, karibu na baba yangu. Nini kingenipita?"

"Nami nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu haya."

"Macho yako yalikuwa na njaa, shoga."

Miaka arobaini, wanangu. Waliwazika wazazi wao na ugomvi ule ukabaki hai.

Basi ikatokea harusi ya kijana wa mtaa wa pili, na mjomba wa bwana harusi akaja na habari kwamba mgeni wa heshima atakuwa Mzee Idrisa Kitwana, Bwana Radi mwenyewe, kwa sababu bibi harusi ni mjukuu wa dada wa mzee huyo. Mwantumu ndiye mpishi. Alipoambiwa, alikaa chini juu ya gunia la mchele.

Bi Nuru alimfuata hadi jikoni. "Haya, leo ndio leo, asemaye kesho ni mwongo. Akila kwa kushoto, nitakula na wewe sinia moja, mbele ya mji mzima. Akila kwa kulia, suala la Bwana Radi nisilisikie tena mpaka naingia kaburini."

"Sinia moja?"

"Sinia moja. Lakini usijitayarishe, hutolila."

Mwantumu alipika siku ile kana kwamba anaolewa yeye. Mchele aliuchambua punje kwa punje, nyama aliichagua mwenyewe buchani kabla ya jua. Moyoni hakuwa akifikiria mashindano na Nuru. Alikuwa akifikiria neno atakalomwambia mzee yule: Baba, uliniokoa. Alilirudiarudia huku akikaanga vitunguu, machozi yakimtoka, na wasaidizi wake wakadhani ni vitunguu.

Mchana mgeni akafika. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu imenyooka, meno mapya, sauti ileile ya kunguruma. Wakamkalisha sebuleni na wazee. Kwa desturi chakula cha wanaume kingepelekwa na vijana, lakini Mwantumu aliomba akipeleke yeye, na mjomba akamkubalia. Bi Nuru akadandia msafara: akashika birika na bakuli la kunawia. Nyuma yao wanawake sita wakajazana mlangoni, shingo juu ya shingo.

Nuru akapiga goti mbele ya mgeni. "Karibu, baba, unawe."

Mzee akakunja mkono wa kanzu. Akanyoosha mkono mmoja.

Ulikuwa wa kulia.

Mwantumu alidhani ameona vibaya. Akasubiri. Maji yakamwagika, mkono wa kulia ukanawa, ukakung'utwa, ukatulia pajani umekunjuka, tayari. Wa kushoto ulibaki umelala kama haumo.

"Baba," ikamtoka, "mkono wako huo mwingine una nini?"

"Una nini vipi? Mzima."

"Si ndio unaokula nao? Si ndio uliompiga nao nyapara?"

Wazee wakatazamana. Bwana Radi akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kwenye sinema, kisha akaona kwamba mwanamke huyu hatanii.

"Mimi nile kwa mkono wa chooni?" alisema. "Mama, wewe umelelewa wapi?" Jicho lake likashuka, likaona sinia limewekwa chini, upawa umeshikwa kushoto, unapakua nyama. Uso ukamkunjamana. "Hebu ngoja. Ni wewe uliyepika? Kwa mkono huo?"

Mwantumu akaitikia kwa kichwa.

Mzee akalisukuma sinia kwa ncha za vidole. "Liondoeni. Nitakula ndizi."

Mjomba akaliinua sinia mwenyewe. Uani habari ilikwishafika kabla ya sinia kurudi. Watu wakayatazama matonge yao mkononi. Miaka ishirini ya jina la Mwantumu ilikuwa inaning'inia pale, kati ya sahani na mdomo. Kisha sauti ya mwendesha toroli mmoja mnene ikapaa kutoka kwenye majamvi: "Kama halili, lileteni huku! Pilau hili hata likipikwa kwa mguu, mimi nalila!" Watu wakaangua kicheko, matonge yakaendelea na safari.

Jina likapona. Mwantumu hakupona.

Alipita jikoni bila kumtazama mtu, akatoka nyuma ya nyumba, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia kama aliyeungua. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba yake haipo, na majirani wanaapa haikuwahi kuwepo. Kofi lile. Ugali ule. Mama yule mwenye hereni. Kumbe vyote alivitunga? Kumbe bibi yake alimpiga kwa haki?

Wanawake walimfuata, kila mmoja na tusi lake kwa mgeni. Wa mwisho kutoka alikuwa Nuru. Mwantumu akainama, akisubiri kusimangwa.

"Umeshinda," alisema. "Sitamtaja tena."

Nuru akamsogelea, akamtazama kwa namna ya ajabu. "Mwantumu. Siku zile za sinema, ulikuwa ukikaa wapi?"

"Unajua. Sisi wa ng'ambo ya reli tulikaa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya shuka. Kwani palikuwa na nyuma nyingine?"

Nuru akashika kichwa. "Yaa Rabi! Miaka arobaini nagombana na wewe, sijawahi kukuuliza hilo!"

Akaivua kanga yake ya begani, akaishika juu kwa mikono miwili, jua likaipiga. "Njoo huku mbele. Soma jina, hayo maandishi ya chini." Mwantumu akasoma. "Sasa pita nyuma."

Mwantumu akazunguka. Jua lilikuwa likipenya kwenye kanga, na maandishi yaleyale yalikuwa yakitembea kinyume, yanaanzia yalikoishia. Ua lililochorwa kulia lilikuwa kushoto. Akatoa kichwa, akachungulia mbele. Akarudi, akachungulia nyuma. Akafanya hivyo mara tatu.

"Basi sikusema uongo," alinong'ona.

"Hukusema. Wala mimi sikusema."

"Niliona kweli anakula kwa kushoto."

"Uliona. Na mimi niliona anakula kwa kulia. Mtu mmoja, tonge moja, usiku mmoja."

Mwantumu akaketi tena juu ya kinu. "Sasa yule wa kwangu, Nuru... yule niliyempenda mimi, yuko wapi? Maana humo ndani hayumo."

Nuru akaishusha kanga taratibu.

"Mzee mpumbavu!" mmoja wa wanawake akadakia. "Wala meno yake si yake! Nikamwagie maji ya moto?"

"Mwacheni," Mwantumu akasema. Aliufumbata mkono wake wa kushoto, akaufumbua, kama anayeujaribu upya. "Kwa mdomo wake wa leo, mlaumuni mkitaka, huo ni wake. Lakini mkono ule hakuniahidi. Nilijipa mwenyewe, mtoto wa miaka minane, kwenye kiza, na umenifikisha hapa. Mkaa nyuma ya shuka hamlaumu shujaa."

Hapo ndipo iliposemwa mara ya kwanza, wanangu. Wale wanawake waliondoka nayo midomoni, na kufika jioni ilikuwa imeshavuka reli.

Nuru alijifunga kanga yake. Akaingia jikoni, akasikika akigombana na vifuniko, kisha akatokea mlangoni na sinia lililokataliwa, nyama juu bado zinatoa moshi. Akalitua chini ndani, kwenye jamvi, mahali ambapo kila apitaye ataliona. Akaketi upande mmoja. Upande wa pili akauacha wazi.

"Nuru, nimeshindwa mimi," Mwantumu akasema kutoka nje. "Makubaliano..."

"Makubaliano tuliyafanya kabla sijajua ulikokaa. Ukiketi hapa tukatazamana, kulia kwangu na kushoto kwako ni upande mmoja. Mikono yetu itakutana vizuri tu." Akalipigapiga jamvi. "Ingia, shoga. Nawa uje tule, pilau linapoa."