Siku Tatu Bila Kuiba Ndala

Kama nyumbani kwako kuna mbwa, au kuna mtoto, soma hii mpaka mwisho kabla hujamtumia mwenzako.

Kule Tukuyu aliishi mwalimu mstaafu aitwaye Asukile. Alifundisha miaka thelathini na minne, na hakuna darasa lililomshinda kunyamazisha. Alipofiwa na mkewe, binti yake alimletea mbwa mdogo wa kumliwaza. Mwalimu akamwita Chachandu, kama ile kachumbari ya pilipili, maana utundu wake uliwasha.

Chachandu alitafuna mifagio, alirukia wageni, na kila asubuhi alipenya uani kwa jirani, Mama Gwamaka, akarudi na ndala mdomoni.

"Mwalimu! Mwizi wako kaja tena!" Mtaa mzima ulisikia.

Mwalimu akaanzisha somo la adabu. "Kaa! Tulia! Subiri!" Wiki mbili nzima, mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu moja mambo yakabadilika. Chachandu hakwenda kwa jirani. Alilala kando ya mlango, kichwa juu ya miguu. Alipowekewa chakula hakukirukia. Alikinusa, akalamba kidogo, akaacha. Wageni waliingia na kutoka, yeye hata mkia hakutikisa. Mwalimu alifurahi kupita kiasi, na kila aliyepita alimwonyesha.

"Mnaona? Hiyo ndiyo nidhamu!"

Jumatano Mama Gwamaka akapiga hodi, ndala mkononi. Mwalimu akajiweka sawa kupokea shukrani.

"Mwizi wangu yuko wapi?"

"Ameacha wizi, mama. Nimemfundisha."

"Umemfundisha nini! Hizi ndala kuukuu huwa nazitoa nje mwenyewe kila asubuhi, azichukue. Kelele zangu ni za kumchangamsha tu. Leo siku ya tatu hajazigusa. Mtoto huyu anaumwa."

Mwalimu alitaka kucheka, ila mama alishapiga magoti. Alimfunua Chachandu mdomo: fizi zilikuwa zimepauka, hazina damu. Akapapasa nyuma ya masikio, akakuta kupe watatu walioshiba, na ngozi ya moto.

Mwalimu alimbeba mbwa wake mbiombio hadi kwa daktari wa mifugo, mama akimfuata nyuma. Njia nzima Chachandu hakujitikisa. Mwalimu aliogopa kweli. Aliona nyumba yake inabaki tupu kwa mara ya pili.

Daktari alimpima, akamchoma sindano.

"Kupe wamemwachia ugonjwa wa damu," alisema. "Mngengoja mpaka aanguke, ningekuwa sina la kufanya. Huyu atapona. Nani kati yenu kagundua?"

Mwalimu alimwonyesha jirani yake. "Huyu mama. Mimi nilikuwa nampa maksi."

Walicheka wote watatu. Kisha mwalimu aliwakumbuka watoto waliotulia ghafla darasani kwake, akawasifu mbele ya wenzao, asiwaulize kama wamekula wala kama wanaumwa. Machozi yakamtoka.

"Asante, Mama Gwamaka," alisema. "Umeniokolea mwenzangu. Na umenifundisha jambo nililopaswa kulijua tangu siku yangu ya kwanza kazini."

Funzo: Aliyezoea kuchangamka akitulia ghafla, usimsifu kwanza, mwangalie, mguse, umuulize anaumwa wapi. Na umshukuru Mungu kwa jirani anayezijua tabia za walio nyumbani kwako.