Salamu za Nyani kwa Nyani

Hodi hodi, hadithi iko mlangoni!

— Karibu, iingie!

Imetoka mbali, ina vumbi miguuni!

— Ivue viatu, ikae!

Ikae wapi?

— Hapa, katikati yetu!

Basi tulieni. Na wewe mwenye simu, igeuze kifudifudi, hakuna anayekutafuta saa hizi.

Hapo zamani, si zile za kale sana, ni zamani za juzi tu ambazo ukizikumbuka moyo unalegea, wanyama wa Majabali walikuwa na barua pepe. Msicheke. Walikuja watafiti kuhesabu tembo, wakahesabu mpaka wakachoka, wakafungasha wakaenda zao. Pangoni wakaacha seva yao ya barua, na juu ya mwamba wakaacha sola inayoilisha. Ilikuwa mashine ya kizamani, nzito, yenye kioo kidogo na kibodi iliyofutika herufi. Barua moja ikiingia, mashine ilikohoa kwanza: krii, kraa, ngu-nguuu, shhhh. Halafu: ting!

Aliyeijua mashine ile ni Bi Pimbi. Hakusomea popote. Pimbi ni mnyama wa kupenda joto, na seva ilikuwa na joto tamu ubavuni, basi akawa analala juu yake. Ukilala juu ya kitu miaka na miaka, utakijua tu. Akisikia vuuu, anajua ni nzima. Akisikia tk-tk-tk, anajua barua zimekwama kwenye foleni. Akisikia kimya, anapanda juu kufuta mavi ya ndege kwenye sola. Kila kanuni ya mashine ile, barua ipi iende wapi na ipite wapi, yeye ndiye aliyeiandika. Na alikuwa na majivuno, usimwone mdogo kama buli. "Mimi nikipiga chafya," alikuwa akisema, "nchi nzima inakosa habari."

Ah, siku zile! Asubuhi jua likipanda, wanyama wanakusanyika juu ya mwamba kuota jua, na Pimbi anawaita mmoja mmoja. "Kobe, una barua. Kanga, una barua. Digidigi, wewe leo huna, pole, labda kesho." Mwenye barua anaisoma kwa sauti na wote wanasikiliza. Barua moja ilikuwa inatosha kuzungumzwa mpaka jioni.

Na barua zenyewe zilikuwa barua. Desturi ya Majabali ilikuwa kwamba salamu zinatangulia, na salamu hazina haraka. "Salamu nyingi zikufikie wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako." Unamsalimia mwenyewe, unawasalimia watoto, unalisalimia hata jiwe analokalia. Huko chini kabisa ndipo unaandika "ama baada ya salamu", na habari yenyewe inakuwa mstari mmoja: mkwaju wetu umeiva, njooni. Salamu zikifika, lazima zijibiwe. Asiyejibu salamu hakuna aliyekaa naye juani.

Pimbi alikuwa na binti, jina lake Changarawe, ameolewa ng'ambo ya mto. Mwaka ule Changarawe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na kwa kina Pimbi mimba ya kwanza mama ndiye anayepokea mtoto. Walikubaliana hivi: siku zikikaribia, binti ataandika, mama atavuka. Lakini lazima avuke kabla ya masika, kwa sababu mto ule ukijaa haupitiki, na pimbi hajui kuogelea.

Sasa ndipo akaja Nyani.

Dume la Nyani, mabega mapana, meno marefu, tumbo lisilojua kushiba. Alikuwa amegundua jambo moja. Barua za wanyama zimejaa matunda. Huyu anaandika mkwaju umeiva, yule anaandika zambarau zimeanza kuanguka. Akiweza kuzisoma kabla ya wenyewe, atafika kabla ya wenyewe. Akaingia pangoni, puu, akakaa mbele ya kioo.

"Fundi," akasema, "kuanzia leo barua zote zinaingia kwanza kwenye sanduku langu. Nitazisoma. Nikimaliza, nitaona kama nitawapa."

"Mheshimiwa, hizo ni barua za watu."

Nyani akapiga miayo, meno yote nje. Pimbi akaandika kanuni. Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Nyani akalifunga sanduku lake kwa neno la siri, akalinong'oneza kidoleni ili hata pango lisisikie.

Kukawa shida. Krii, kraa, ngu-nguuu, shhhh, ting! Nyani akasoma, akatoka mbio, akala mkwaju wa Kobe. Krii, kraa, ngu-nguuu, shhhh, ting! Nyani akasoma, akatoka mbio, akala zambarau za Kanga. Akirudi tumbo linamtangulia, barua zinabaki humo humo sandukuni. Asubuhi wanyama wakapanda mwambani, wakaota jua, wakasubiri kuitwa. Hakuna aliyeitwa. Waliangaliana tu, na jua lenyewe halikuwa na utamu.

Siku moja Pimbi akiwa amelala juu ya mashine akasikia ting, akafungua jicho, akaona jina la mwandishi likipita kwenye kioo. Changarawe. Likazama kwenye sanduku la Nyani.

"Mheshimiwa, hiyo ni ya mwanangu. Nipe."

"Bado naisoma. Ina mkuyu ndani."

"Mwanangu ni mjamzito. Amesema nini?"

"Amesema mkuyu wa kwao umetoa matunda lakini bado mabichi. Yakiiva nitakwenda mimi kwanza, kisha utaipata." Akaziba kioo kwa mgongo wake.

Pimbi akatoka nje. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi chini, meupe juu. Majivuno yote yalimtoka. Angeweza kwenda hivyo hivyo, lakini akienda mapema akakosekana pangoni, Nyani angeivunja mashine kwa hasira, na nchi nzima ingebaki bila salamu. Na kama siku zimefika, naye yuko huku anafikiri? Alikaa kwenye jiwe akiyatazama mawingu.

Kobe akamkuta pale. "Dada, wewe ndiye fundi. Mashine ni yako. Huwezi kumtoa?"

"Nguvu sina, kaka. Na neno lake la siri silijui." Sharubu zikaanza kucheza. "Lakini kanuni naandika mimi. Hebu niambie, watu wanasemaje kuhusu Nyani?"

"Wanasema anasoma salamu zao na hajibu. Wanasema hata mama yake hakumfunza."

"Basi," Pimbi akasema, "nenda ukaseme hayo kwa sauti zaidi, pale mlangoni."

Kobe akaenda, akasema. Nyani alipotoka kujinyoosha akasikia kila neno, masikio yakamwaka moto. Mwizi aliweza kuitwa, hilo halikumsumbua. Kuitwa asiye na adabu, hapo alishindwa.

"Fundi, eti mimi sijibu salamu?"

"Ndivyo wanavyosema, Mheshimiwa. Lakini mkubwa kama wewe utajibu ngapi kwa mkono wako? Tuiambie mashine ikujibie. Salamu ikiingia, yenyewe inajibu. Na inabandika chini yake barua iliyokuja, ili mtu ajue amejibiwa lipi."

"Iandike."

Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Ikaandikwa.

"Tena, Mheshimiwa, wakubwa hawana sanduku moja. Wewe unapata matunda ya huku tu. Ya ng'ambo ya mto nani anayapokea?"

Nyani akameza mate. "Nifungulie na la ng'ambo."

"Na hilo likisalimiwa, lijibu?"

"Lijibu. Kwani huko sina adabu?"

"Hata likisalimiwa na mkubwa kama wewe?"

"Hasa likisalimiwa na mkubwa kama mimi."

Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Ikaandikwa. Pimbi akakuna shingo kama mtu aliyesahau kitu.

"Na masanduku yakijaa, Mheshimiwa, tufanyeje?"

Nyani akacheka mpaka pango likaitikia. "Langu lijae? Mimi nimewahi kujaa? Haya, likijaa, toa zile za zamani, nilishazisoma. Wape wenyewe, wapige kelele zao."

Hapo Pimbi aliandika polepole, herufi moja moja, asikosee. Sanduku likijaa, barua ya zamani itoke, iende kwa mwenyewe.

"Imebaki kujaribu tu," akasema. "Fundi hamkabidhi mtu kazi bila kuijaribu. Kaa hapa kwenye sanduku la huku, usalimie sanduku la ng'ambo."

Nyani akakunja vidole vyake vinene, akaandika: "Salamu nyingi kwako, Mheshimiwa Nyani, uliye mbali na upeo wa macho yangu." Akatuma.

Krii, kraa, ngu-nguuu, shhhh, ting! "Salamu zimefika. Nawe salamu nyingi, Mheshimiwa Nyani."

Nyani akatabasamu. "Huyu wa ng'ambo ananiheshimu."

Sanduku la huku, kwa adabu zake, likajibu. Ting! La ng'ambo, kwa adabu zake, likajibu. Ting! Kila jibu lilibeba tumboni salamu zote za nyuma, kila barua ikawa ndefu kuliko dada yake. Nyani akasoma, akasoma, maana habari inakaa chini kabisa, baada ya salamu, na habari yenyewe huenda ni tunda. Akishuka nusu, ting! nyingine. Akishuka tena, ting! nyingine.

"Mheshimiwa, umechoka, pumzika."

"Nyamaza, hii inaonekana ina embe."

Seva ikaanza kunguruma. Vuuu ikawa vuuuuu. Ubavu ukapata moto mpaka Pimbi mwenyewe, mpenda joto, akashuka. Sanduku la Nyani likajaa. Salamu moja ikajisukuma kuingia, na barua moja ya zamani ikachomoka nje.

"Kobe," Pimbi akaita kutoka mlangoni, "una barua."

Wanyama wakainuka. Ting! "Kanga, una barua." Ting! "Kobe, una nyingine." Ting! "Digidigi, leo unayo, njoo." Zilitoka kwa mpangilio ule ule zilioingilia, ya kwanza kwanza, na ya Changarawe ilikuwa ya mwisho mwisho. Matone makubwa yakaanza kupiga mwamba. Pimbi aliita majina ya watu akingoja lake, na wanyama wakapokea barua zao bila kuzisoma kwa sauti, kwa sababu waliuona uso wake.

Ting!

Ukurasa mzima ulikuwa salamu. Salamu kwako mama, hofu na mashaka ni kwako. Salamu kwa kaka Kobe. Salamu kwa mwamba na jua la asubuhi, na kwa ile mashine, kama bado unailalia. Pimbi alisoma zote, hakuruka hata moja, ingawa mvua ilikuwa inamlowesha. Chini kabisa: "Ama baada ya salamu, mkuyu umetoa matunda na tumbo limeshuka. Mama, njoo."

Akaondoka mbio. Kobe alimwita, hakusikia. Akavuka mto juu ya gogo, maji yakiwa yamelifikia tumbo la gogo lenyewe, na aliposhika ukingo wa pili, gogo likaondoka na maji. Alifika kwenye majabali ya binti yake amelowa, anahema, akasema hodi. Changarawe alikuwa ameuma meno, anamsubiri. Mtoto akapokelewa na mikono iliyostahili kumpokea.

Na Nyani? Nyani alikuwa pangoni anasalimiana, siku kadhaa bila kula. Mawingu yakaiziba sola, mashine ikafanya tk, tk, pyuuu, ikazima katikati ya salamu. Alipotoka nje amekonda, macho mekundu, kila mti wa Majabali ulikuwa umeshaliwa na wenyewe, kwa barua zao wenyewe. Walimsalimia vizuri sana. Naye, maskini, kila akiitikia alitazama chini kutafuta matunda.

Mashine haikuamka tena baada ya masika yale. Pimbi alirudi kiangazi na mjukuu mgongoni, akafuta sola, akagonga ubavu, akalala juu yake siku nzima kuipasha joto, yeye sasa akiipa lile alilopewa. Kimya. Siku hizi wanyama wana njia nyingine, barua zinamiminika kutwa kucha, "mambo", "poa", na hakuna anayeitwa jina juu ya mwamba. Lakini asubuhi jua likipanda, Pimbi humpakata mjukuu wake na kumsomea barua ile kwa kichwa. Ile habari ya mwisho huwa anaisahau, ilikwisha siku ile ile. Anamsomea salamu, moja baada ya nyingine, mpaka ya mashine, na mtoto anaitikia.

Haya, hadithi inatafuta viatu vyake!

— Viko mlangoni!

Imevaa, inakwenda!

— Iende salama, itusalimie huko!

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba salamu ni upuuzi, zinajaza masanduku na kuwakondesha wakubwa. Mtu akikusalimia, mpite kama mti. Mmeelewa? Vizuri. Sasa kabla hamjaenda kulala, njooni mmoja mmoja mnisalimie, na yeyote asiruke hata jiwe ninalokalia.