Mtamba wa Mama Teta

Sogeeni karibu, na anayetaka hadithi ya kucheka aende kwa jirani. Hii ni ya Rwanda, kwenye kilima chenye chuo kikuu juu na mashamba chini. Ina watu watatu wenye vipaji. Karasira alijua kufundisha, Umuhoza alijua kuimba, na Sebahire alikuwa na masikio makali: akisikia kitu mara moja hakisahau. Kipaji hicho cha tatu msikionee wivu.

Chini ya kilima aliishi Mama Teta. Binti yake aliuawa katika mauaji ya kimbari, meno ya utoto hayajamtoka yote, na mwili wake haukuonekana. Kila Aprili, juma la kumbukumbu linapofika, Mama Teta alisimama mbele ya watu akasema yale yale: "Yeyote atakayenionyesha mwanangu alipo, nitampa ng'ombe." Kwao ng'ombe si zawadi ya kupokea ukaenda zako. Aliyetoa na aliyepokea wanakuwa ndugu, wanaingiliana majumbani, na baadaye ndama mmoja hurudi kwa aliyetoa. Kwa hiyo ahadi ile haikuwa maneno ya msibani tu.

Karasira alifundisha historia chuoni, naye pia ni manusura. Aliona somo la mauaji linaishia kwa wanafunzi wanaolikariri wafaulu mtihani, akaomba ukumbi ufunguliwe kwa watu wote wa kilima. Wote, hata waliotoka gerezani. Manusura wenzake walimjia juu.

"Mwalimu," Mama Teta alimwambia, "unataka nikae chumba kimoja na waliotuwinda?"

"Wewe kaa mbele, mama. Wao watakaa nyuma. Lakini mlango siufungi."

Kwa jibu hilo alipoteza marafiki, na kaka yake hamsalimu mpaka leo.

Umuhoza alifundisha ngoma na maigizo chuoni hapo hapo. Hotuba za kumbukumbu zilikuwa ndefu na watu walisinzia; yeye alitaka watoto waliouawa wasikike. Akaambiwa kwamba Mama Teta alimtungia binti yake wimbo wa kumbembeleza, ambao hakuna mwingine aliyeujua, na tangu binti afe hajauimba. Umuhoza hakumwomba. Alikwenda tu kila Jumamosi kuchambua naye maharage, msimu mzima, wakiongea habari za mvua. Jumamosi moja mama akaanza kuuimba chini chini, mikono ikiendelea na kazi, akaurudia mpaka mwisho.

"Umeushika?"

"Nimeushika, mama."

"Basi uimbe wewe. Mimi koo limekataa."

Aprili ilipofika, Umuhoza aliuimba ukumbini. Nyuma kabisa, kama kila mwaka tangu mlango ufunguliwe, alikaa Sebahire, mkulima aliyekuwa amemaliza kifungo chake kwa mauaji aliyoyakiri. Wimbo haujafika nusu, akasimama.

"Naujua wimbo huo," alisema. "Mtoto alikuwa amejificha kwenye mtama. Alikuwa anauimba polepole, kujituliza. Mimi ndiye niliyemsikia, nikawaonyesha wenzangu."

Akasema na lililobaki: walipomuua, alimfukia shambani kwake na kupanda kahawa juu. Hilo hakuwahi kulikiri. Wenzake wa siku ile walikuwa wamekufa wote, na angenyamaza, siri ingekwenda naye kaburini. Alijua atashtakiwa upya. Tangu siku hiyo wanawe wa kiume wameacha kula naye.

Mibuni iking'olewa, Mama Teta alisimama pembeni. Aliitambua sweta kabla ya mifupa, kwa vifungo alivyovishona mwenyewe. Hakulia pale. Alilia nyumbani, Umuhoza akiwa naye, na alichosema ni hiki: "Mimi ndiye niliyemfundisha, ukiogopa, imba." Nikifika hapa huwa natamani kuiacha hadithi hii, lakini Teta amezikwa kwa heshima, kwa jina lake, na deni la ahadi bado lipo.

Baada ya mazishi Mama Teta alipanda kilima akivuta mtamba, ng'ombe pekee aliyekuwa naye. Watu wakajaa uwanja wa chuo na ubishi ukaanza.

Manusura walisema, mpe mwalimu, kwani bila mlango wake muuaji asingeingia ukumbini. Wanafunzi wakasema, mpe Umuhoza, kwani Sebahire amekaa ukumbini miaka na miaka bila kufungua mdomo, mpaka wimbo uliposikika.

"Mpe Umuhoza," Karasira mwenyewe alisema. "Mimi sikujua mlango utaleta nini."

Umuhoza akatikisa kichwa. "Wimbo ni wako, mama. Nitapokeaje ng'ombe kwa kitu ulichonipa wewe?"

Sebahire alikuwa ameletwa na askari wawili. Aliangalia chini. Aliyesema ni binti yake, mwanamke wa makamo, aliyecheza na Teta walipokuwa wadogo. Alipiga magoti kwanza.

"Baba haombi kitu," alisema. "Wala sisi nyumbani hatustahili kukuangalia usoni. Lakini ulisema yeyote, mama. Kila mwaka nilikusikia ukisema yeyote."

Kuna waliomzomea, na kuna walioinamisha vichwa. Mama Teta alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, labda akihesabu umri ambao Teta angekuwa nao.

Sasa msiniletee majibu mepesi. Msiseme ng'ombe auzwe wagawane, maana undugu hauuzwi sokoni. Msiseme amrudishe nyumbani, maana aliahidi mbele ya watu wote na mwanawe amepatikana. Msiseme pia asamehe au asisamehe, hilo ni lake peke yake. Ninachouliza ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi. Yule atakayepokea atakuja kwa Mama Teta na ndama, ataketi kwenye mkeka wake, na watoto wake watamwita bibi.

Kamba iko mkononi mwa Mama Teta, na anatutazama sisi. Wewe ungemwambia ampe nani?