Picha ya Chini ya Gari

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja aliyenunua gari lenye kamera kila upande. Ndani lina skrini, na skrini inamwonyesha gari lake kutoka juu, utadhani kuna mtu kapanda kwenye bati analipiga picha. Hakuna mtu. Kompyuta inachukua picha za pembeni, inazikunja, inaziunga, basi. Hata chini ya gari anaonyeshwa, na huko chini hakuna kamera. Yule baba alilipenda gari lile, jamani. Majirani tulikoma.

Jumapili moja yuko kwenye usukani, injini inanguruma uani, anamsubiri mkewe waende ibadani. Mke akatoka na mkoba wake.

"Baba Tusa, mtoto yuko wapi?"

"Si yuko ndani na bibi yake?"

"Hayupo. Hebu angalia chini ya gari."

Mume akacheka. "Mke wangu, gari hili lina macho kukushinda. Njoo uone. Chini kweupe, changarawe tupu."

"Mimi sikuolewa na skrini. Shuka uiname."

Akashuka ananung'unika, akainama na suti yake. Tusa, binti wa miaka mitatu, amelala kifudifudi nyuma ya tairi, anamtazama kuku na vifaranga wake.

"Baba, usipige kelele. Wanalala."

Alimvuta mtoto, akakaa naye palepale kwenye changarawe, analia.

Sasa nawauliza, skrini ilidanganya? Haikudanganya. Zile changarawe zilipigwa picha na kamera ya mbele wakati gari linaingia uani, kabla halijapita juu yake. Kompyuta iliitunza picha ile, ikaitandaza pale isipoona. Ni picha ya kweli kabisa, ila ya zamani.

Na sisi je? Mwanao alikuibia akiwa kijana. Leo ana watoto wawili, na akiingia bado unaficha pochi. Mkeo alikujibu vibaya mwaka ule wa harusi, mpaka leo unasema, huyu namjua. Unamjua wapi? Mara ya mwisho kumtazama ni lini? Msininunie, nawapenda, ndiyo maana nasema.

Humu ndani kuna ndugu wawili wamekaa benchi moja, na hawajasalimiana tangu msiba wa mama yao. Sitawataja. Geukeni mtazamane, sasa hivi. Mahubiri yatasubiri.