Mafiga ya Fisi

"Watoto, nifungue?"

"Fungua!"

"Ikiwa ndefu?"

"Tutaikunja!"

"Ikiwa na meno?"

"Mama, fungua bwana!"

Haya. Hapo kale, kale sana, Mama Pimbi alikuwa uani kwake anapepeta mtama. Pepeta, pepeta, puliza. Mgongo unauma, jua linashuka, chungu hakijainjikwa. Wanawe wanne aliowatuma maji hawajarudi.

Mara Chiriku akatua kwenye ungo.

"Toka kwenye mtama wangu!"

"Mama Pimbi, mlango wa chemchemi umeanguka! Wanao wamo ndani!"

Ungo ukamponyoka. Mtama wote chini.

Chemchemi hiyo ilikuwa ya kale kuliko bibi wa mnyama yeyote. Ilikuwa na ngazi za mawe, nguzo mbili za mawe, na juu yake bamba la jiwe pana kama paa. Nani aliijenga? Hakuna ajuaye. Wanyama waliijua sheria yake tu: piga hodi ukifika, na usiondoke na kitu ila maji.

Fisi naye aliijua. Lakini aliona vijiwe vitatu vimechomekwa chini ya bamba, vimelingana vizuri. "Mafiga hayo!" akasema.

Juzi akachomoa la kwanza. Bamba likalia, krrr. Jana akachomoa la pili. Bamba likalia, krrr, likainama. Leo akachomoa la tatu, akaenda zake anapiga mluzi.

Watoto wa Pimbi waliposhuka kuteka, bamba likateremka, likaziba mlango na njia ya maji.

Mama Pimbi alifika anahema. Kwenye ufa aliona kiganja kidogo.

"Mama!"

"Nipo. Wote mko?"

"Wote. Mama, maji yanapanda!"

Akasukuma bamba. Wapi! Chiriku akamwambia aliyechomoa mawe ni Fisi. Mama Pimbi akakimbia kwa Fisi, akamkuta anachochea moto.

"Bwana Fisi, rudisha mawe. Wanangu wanazama!"

"Supu yangu haijachemka. Njoo kesho."

"Bwana Fisi, nakuomba!"

"Kwani mimi ndiye niliyewatuma maji?"

"Bwana Fisi!"

"Mama watoto, unanipigia kelele."

Mama Pimbi alitaka kulia, ila hakuwa na nafasi ya kulia. Akashusha sauti.

"Basi. Nitamwita Chui. Atafaidi ile mifupa."

"Mifupa gani?"

"Ya wale wa kale. Walikula ng'ombe mzima pale, wakaifukia chini ya ngazi. Bamba limeshuka, ardhi imefumuka. Husikii harufu?"

Fisi akanusa. Akaisikia! Si mnamjua Fisi.

Akatimka. Akaingiza bega chini ya bamba, akainua.

"Iko wapi?"

"Zidi kidogo."

"Iko wapi?"

"Zidi tena."

"Mama Pimbi, iko wapi?"

Watoto wakachomoka wameloa chapa: mmoja, wawili, watatu, na kitinda mimba anakohoa maji.

"Mifupa ni hiyo ya mgongo wako," akasema Mama Pimbi. "Ukiachia, itavunjika."

Fisi akatazama juu. Jasho likamtoka.

"Dada yangu, nisaidie!"

"Leo nimekuwa dada? Mawe yako wapi?"

"Chini ya chungu. Lakini supu usiimwage!"

Wakakimbia kwa Fisi. Mawe yalikuwa ya moto, na palepale palikuwa na supu. Wakaimwaga yote kuyapoza. Kisha wakayaviringisha hadi chemchemi, mama na wanawe, na Chiriku juu akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Jiwe la kwanza likachomekwa. "Bado?" akauliza Fisi. "Bado." La pili. "Bado?" "Bado, na usitikisike!" La tatu likaingia, bamba likatulia, maji yakashika njia yake.

Fisi akatoka, mgongo umeteremka nyuma. Mpaka leo haujanyooka.

Mama Pimbi akarudi nyumbani, akauokota mtama kwenye vumbi, akautwanga, akasonga ugali, akachuma majani ya kunde. Wanawe wakakaa kuzunguka sinia. Akawahesabu kabla ya kupakua, akawahesabu tena baada ya kupakua. Wanne. Na Chiriku. Ndipo naye akakaa.

Funzo ni hili, wanangu: kitu ulichokikuta kimesimama, uliza kwanza kinashikilia nini, ndipo ukiguse.

Na mimi hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba akalale, ambaye hajashiba akombe sufuria.